Ombi la Kuchimba Faili Langu

Kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri,
Kupitia kwa bawabu, ambaye sasa ni kama ndugu.

KUH: KIBALI CHA MADINI YALIYOMO FAILINI

Mheshimiwa,

Hii ni mara ya kumi na moja kuambiwa "rudi Jumatatu". Kazi yangu unaijua; ombi lake umeligonga muhuri wa IMEPOKELEWA mara tatu. Ngozi ikitiwa kromiamu kiwandani, hunyonya kama theluthi mbili tu. Inayosalia huenda na maji. Ukiyatia magnesia, kromiamu hutuama kama uji wa kijani. Uchuje, uuyeyushe kwa asidi ya salfa, urudi pipani ukafanye kazi upya. Basi.

Kwa kuwa kibali cha kazi hiyo kimeshindikana, naomba machimbo madogo: faili langu. Kila nikija mnalibana pini nyingine. Kona yake ya juu imekuwa mgodi: pini za stepla, vibanio, kipande cha waya, na kutu iliyoiotesha ndevu picha yangu ya pasipoti. Nitakuja na sumaku, buti na kofia ya chuma. Nitatathmini athari kwa mazingira ya droo, niitishe kikao cha umma, mende wachangie maoni yao kama wakazi asilia. Chuma kitapimwa mbele ya karani, serikali ichukue mrabaha wake. Masalia, yaani maombi yangu, nitayazika kwa heshima.

Naomba pia kiti. Na Jumatatu ifutwe kwenye kalenda.

Najua mnaogopa Owino Uhuru nyingine. Kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watoto madini ya risasi damuni, na mwaka 2020 mahakama ikaagiza wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Woga huo ni wa haki. Basi njooni mnikague! Pimeni maji, pimeni tope, nipimeni hata mimi. Hamji. Anayemwaga mtaroni usiku hajawahi kuulizwa karatasi. Anayetaka kuokota kilichomwagwa ndiye anayedaiwa nakala nne, na watoto wanaochezea mtaro huo hawana Jumatatu ya kungoja.

Samahani, Mheshimiwa. Kalamu imeteleza.

Naambatisha nakala nne za barua hii, kila moja na pini mbili. Tafadhali zitunzeni pakavu. Ndiyo akiba yangu.

Wako mtiifu,
Mchuja Uji,
Makongeni, Thika.