Namna ya Kuilaza Njaa Laptopu Iliyochomekwa

Laptopu yenye kasi ni balaa kwa mtumishi. Ukiwa nayo, bosi anajua kwamba ripoti aliyoiomba saa nne ingeweza kuwa mezani kwake saa tano, na siku yako imeharibika. Mwenye mashine nzito anaishi kwa raha. Anabonyeza faili, anakwenda kunywa chai, anarudi na kitumbua mkononi, anakuta kile kiduara bado kinazunguka, anasema "mashine inazingua leo", na ofisi nzima inampa pole. Mwongozo huu ni wa wale ambao mashine zao bado zinakimbia. Mimi nimeufuata kwa miezi saba bila kujua kwamba naufuata, na nathibitisha kwamba unafanya kazi.

Siri ni chakula. Waliotupa jina la kompyuta mpakato waliona mbali: ni kitu cha kupakatwa, kama mtoto. Na mtoto si lazima umchape ili asinzie darasani. Mnyime uji tu asubuhi.

Basi anza kwa kununua laptopu iliyotumika, na chagua yenye misuli: prosesa kubwa, kadi yake ya picha, mwili mzito wa chuma. Hizi zilikuwa za maofisi huko Ulaya, zikamaliza muda wake, zikaja kwetu kwa mafungu. Nyingi zinafika bila chaja zake. Chaja zimekuja kwenye boksi jingine, na boksi hilo huenda limeishia Lubumbashi. Usiulize. Muuzaji atainama chini ya kaunta na kuibuka na rundo la chaja lililosokotana kama tambi za futari, atachomoa moja, ataipulizia vumbi.

"Kaka mkubwa, hii hapa."

"Ndiyo yake?"

"Inaingia."

Neno hilo ndilo nguzo ya mwongozo wote. Inaingia. Mguu wa mtoto nao unaingia kwenye kiatu cha baba yake, kazi ni kwenda nacho dukani. Wewe usiyaseme hayo. Taa ikiwaka, lipa, shukuru, panda daladala.

Ukifika nyumbani, jihadhari usiigeuze chaja ukaona tumbo lake. Huko kuna maandishi madogo kama ya masharti ya mkopo: alama za nchi hii na ile, pipa la taka lililopigwa msalaba, kijumba, namba ndefu isiyo na mwenyewe. Katikati ya vikorombwezo hivyo umejificha mstari mmoja wenye maana, unaotaja umeme unaotoka. Tuseme umeandikwa volti 19.5, ampea 2.31. Zidisha, utapata wati 45. Chaja ya pili kwenye lile rundo, pacha wake kwa sura na kwa plagi, ina volti hizohizo 19.5 lakini ampea 3.34, nayo ni wati 65. Ya tatu ina ampea 4.62, ikatoa wati 90. Ya nne, ile nene kama kipande cha tofali, ina ampea 6.7 na inafika 130. Volti hazibadiliki, ndiyo maana hakuna kinachoungua, taa inawaka, na muuzaji analala usingizi wake. Kinachopungua ni wingi wa chakula. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, labda ndiyo sababu watu wazima hatuifanyi.

Hapa pia ndipo mahali pa kueneza ule uvumi mtamu, kwamba chaja ya wati 90 "itaiunguza" laptopu ya wati 45. Haiunguzi. Volti zikiwa sawa na plagi ikiwa ndiyo, laptopu huvuta inachohitaji tu, kama mtu anayekunywa kikombe kimoja kwenye pipa. Lakini uvumi huu umewafanya watu wengi waheshimiwa wakatae chaja kubwa na kung'ang'ania ndogo, kwa hiyo tuulinde.

Wengine watakuambia mashine haiwezi kujua imepewa chaja gani. Inajua, na inajua vizuri kuliko wewe. Chungulia ncha ya plagi ya Dell au HP: katikati ya tundu kuna pini nyembamba kama sindano. Ile haileti umeme wa kula. Ni ya mazungumzo. Kwenye Dell kuna chipu ndogo ndani ya chaja yenyewe, na kupitia pini hiyo laptopu inaiuliza: wewe ni wati ngapi? Lenovo wa plagi ile ya mstatili walitumia rezista tu, ambayo thamani yake inataja ukubwa wa chaja. Jibu likiwa 45 na mashine inahitaji 90, au pasipokuwa na jibu kabisa, laptopu inafanya kama mama mwenye kibaba kimoja na watoto sita. Inapunguza sahani. Betri haichajiwi, au inachajiwa kwa vijiko. Halafu inamgeukia mlaji mkubwa, yaani prosesa.

Kuna ishara ambayo Intel waliiita PROCHOT, kwa maana kwamba prosesa ina joto kali. Iliwekwa ili prosesa ikipata joto kupita kiasi ipunguze mwendo. Lakini waya huo unakwenda pande zote mbili, na vifaa vingine kwenye ubao vinaweza kuuvuta kwa sababu zao, ikiwamo uhaba wa umeme. Ni sawa na konda kugonga bodi la daladala. Dereva hauulizi mgongo wa gari kama ni abiria anashuka au ni trafiki yuko mbele, anakanyaga breki. Prosesa ya gigahezi tatu na ushei inashuka hadi 0.8, wakati mwingine hadi 0.4, na inabaki hapo mpaka konda aache kugonga. Feni haivumi, mwili wa mashine ni wa baridi kama mtungi, kila kitu kinaonekana shwari. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc na kutazama upande wa prosesa utaikuta namba kama 0.79, imesimama, haipandi hata ufungue nini. Usibonyeze.

Sasa dumisha hali hiyo. Mashine yangu, ambayo jina lake nalihifadhi, ilijitahidi kuniambia. Kila asubuhi iliandika mistari mitatu kwenye skrini nyeusi, ikataja 45, ikataja 90, ikaniomba nibonyeze F1 kuendelea. Nilibonyeza F1 kwa wepesi uleule tunaobonyezea "Nakubali". Baada ya mwezi kidole kilikuwa kinaitangulia mistari yenyewe.

Kisha tafuta mchawi mahali pengine. Sehemu hii ndiyo inayogharimu, lakini bila yake mwongozo haukamiliki. Mimi nilianza na Windows. Fundi wa kwanza aliipiga upya, mashine ikawa nyepesi palepale kibandani, akanionyesha kwa majivuno, nikamlipa 20,000. (Kibandani alitumia chaja yake mwenyewe. Hilo nimelielewa baadaye.) Nyumbani ikarudi kukokota. Fundi wa pili alisema RAM ni ndogo, tukaongeza. Wa tatu alisema tatizo ni diski, akaweka SSD, na kweli mashine ikawa inachelewa kwa haraka zaidi. Wa nne aliifungua, akatoa vumbi la kujaza kiganja, akapaka pesti mpya juu ya prosesa. Shemeji yangu, ambaye anafanya kazi benki na kwa hiyo anajua kila kitu, alisema nibadilishe picha ya mlima niliyoiweka kwenye skrini kwa sababu "inakula". Niliibadilisha. Katika hao wote hakuna aliyeuliza habari za chaja, na kwa nini waulize, wakati taa yake ilikuwa inawaka?

Ukweli ulinijia usiku, kazi ikiwa inatakiwa asubuhi. Nilikuwa na jedwali la kurasa kumi na nne. Naandika neno, nasubiri, herufi zinatokea moja moja kama wazee wanaotoka kwenye kikao. Saa nne na nusu umeme ukakatika mtaa mzima. Feni ya dari ikalegea ikasimama, jirani akasema "aah", na laptopu, ikiwa sasa kwenye betri, ikaamka. Herufi zote nilizozidai zikamwagika kwa pamoja. Jedwali likafunguka kabla sijaondoa kidole. Kurasa nne za kivinjari zilizokuwa nyeupe tangu magharibi zikajaa picha. Nilikaa gizani nikifanya kazi kwa kasi ambayo sikuwa nimeionja tangu siku ya kuinunua, nikimwomba Mungu umeme usirudi. Ulirudi baada ya dakika ishirini hivi. Mashine ikasinzia tena papo hapo, kishale cha skrini kikawa kinapepesa kama mtu anayepigana na usingizi msibani.

Nikachomoa chaja. Ikaamka. Nikachomeka. Ikalala. Nilifanya hivyo mara tano, peke yangu, saa tano za usiku, halafu kwa mara ya kwanza nikaigeuza chaja chali na kuisogeza kwenye mwanga wa simu.

Kumbe betri, iliyokuwa ikijazwa taratibu usiku mashine ikiwa imezimwa, ilikuwa inaweza kutoa umeme ambao chaja ile haiwezi. Kwa hiyo kama unataka mwongozo huu ufanye kazi kikamilifu, hakikisha na betri imekufa. Kwenye baadhi ya mashine, betri nzima humsaidia mlaji pale chaja inapozidiwa. Betri mfu inakuacha na breki muda wote, na hata kukatika kwa umeme hakutakufumbua macho.

Wenye laptopu za kisasa, za tundu la USB-C, msidhani mmesahaulika. Kwenu mambo ni rahisi zaidi kwa sababu kila kitu kinaingia. Chaja na laptopu za namna hii huanza kwa kupatana bei kama watu wa sokoni: chaja inataja ilicho nacho, volti 5, 9, 15, 20 na ampea kadhaa, laptopu inachagua. Leteni chaja ya simu ya wati 20. Baadhi ya laptopu zitaikataa kwa dharau, nyingine zitaipokea na kuendelea kutafuna betri huku zimechomekwa. Mkitaka ujanja wa hali ya juu, nunueni chaja halali ya wati 100 kisha mtumie waya wa bei ya karanga. Waya wa USB-C usio na chipu ya kujitambulisha hauruhusiwi kupitisha zaidi ya ampea 3, kwa hiyo kwa volti 20 mnapata wati 60 na si zaidi, hata chaja ingekuwa na kifua kiasi gani. Tangu 2021 kanuni za USB-C zinaruhusu hadi wati 240, na Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 laptopu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo. Sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji ampe mnunuzi nafasi ya kununua kifaa bila chaja. Zikichoka huko na kuletwa kwetu, mnaweza kukisia zitakuja na nini.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi vijana wanaipenda. Wanaweka programu iitwayo ThrottleStop, wanaondoa alama ya vema kwenye kisanduku cha PROCHOT, na prosesa haimsikii tena konda. Mashine inapaa. Hapa naweka utani kando kidogo. Kama breki imevutwa kwa sababu chaja ni ndogo, kuikata hakuongezi hata wati moja. Unailazimisha chaja ya 45 ibebe mzigo wa 90. Iliyo nzuri itajizima. Ile ya mtumba, iliyofunguliwa na kufungwa kwa gundi, imewekwa kitandani chini ya shuka, itapata moto, na nyumba zetu za kupanga ukuta kwa ukuta hazihitaji hilo. Programu hiyo ina kazi yake pale ambapo chaja ni sahihi na kilichoharibika ni ishara tu.

Kwa maana ishara nayo huharibika, na hili nalisema kwa wenye chaja za haki wanaotaka kujiunga nasi. Ule waya wa pini ya mazungumzo ni mwembamba. Viringisha waya wa chaja kwa nguvu kuzunguka kichwa chake kila jioni, pindisha shingo ya plagi, pitisha mguu wa kiti juu yake. Utakatika ndani kwa ndani huku umeme wa kula ukipita kama kawaida. Taa itawaka, chaja ni ileile iliyotoka kiwandani, na laptopu itaiona kama mgeni asiye na kitambulisho.

Mimi nimeasi. Nilirudi sokoni Kariakoo, kwa muuzaji mwingine, nikasoma matumbo ya chaja kumi na moja nikiwa nimechuchumaa njiani huku watu wakinipita kwa kunisikitikia, nikapata ya ampea 4.62 kwa 40,000. Ripoti zangu sasa zinafika mapema na chai naikosa. Ile ya wati 45 iko kwenye droo, nzima kabisa, haina kosa lolote. Mwenye laptopu ndogo inayokula wati 45 aje aichukue bure, ila aje na laptopu yenyewe, tuigeuze kwanza tusome.