Sifa za Usukani Uliochubuka

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012, haujapungukiwa na vya kusifiwa. Pamba ina sifa zake, ng'ombe wana zao, na mavuno yakishaingia ghalani makundi ya ngoma ya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana ili ijulikane manju wa upande upi ni mkali. Katika sifa zote hizo usukani wa Hiace kuukuu haumo. Nasema ule ambao weusi wake umegeuka kijivu, wenye nyufa kama kisigino cha mkulima mwezi wa Agosti, unaoacha masizi yanayonata viganjani, na umezungushiwa mpira wa tyubu kama kidonda kilichofungwa na mtu mwenye haraka. Huo ndio ninaoutetea. Ndani ya gari zima hakuna shahidi mkweli kuuzidi, na fundi anayeutengeneza bila kwanza kuusikiliza anamziba mdomo shahidi kabla kesi haijaanza.

Nasaba yake si ya kubezwa. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa la baharini: usukani ulikuwa wa jahazi na mashua karne nyingi kabla gari halijatengenezwa. Na gari lenyewe, lilipozaliwa Ulaya, lilianza kwa kuiga mashua, maana magari ya mwanzo yaliongozwa kwa mpini wa kusukuma huku na kule. Mfaransa Alfred Vacheron ndiye anayetajwa kuwa alifunga gurudumu la mkono kwenye gari lake la Panhard katika mashindano ya Paris hadi Rouen mwaka 1894. Kwa hiyo Mswahili aliyeliita gurudumu hilo usukani hakukosea hata kidogo. Mafundi wa gereji nao wanauita stelingi, na hapo wanaupa cheo kingine, kwa sababu stelingi katika vibanda vya video ni yule shujaa anayepigwa risasi tangu mwanzo wa filamu na hafi. Nadhani matajiri wa magari wamelichukua neno hilo kwa maana yake ya pili. Tairi zitabadilishwa, breki zitabadilishwa kwa manung'uniko, lakini stelingi hafi, ya nini kumshughulikia?

Tuje kwenye ushahidi. Kilometa zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma mchana kweupe, na rangi ya bodi inaweza kupigwa upya ikang'aa kama sahani. Viganja vya watu havirudishwi nyuma. Chini ya ngozi ya usukani wa kawaida kuna pete ya chuma iliyofunikwa plastiki laini, na plastiki hiyo huliwa na vitu vitatu: jua linalopenya kiooni gari likisubiri abiria stendi, jasho, na mafuta ya mikono iliyotoka kushika dipstiki au chipsi. Gari likidai limetembea kilometa elfu 80 huku usukani wake umelika hadi unang'aa, mmojawapo anadanganya, na si usukani. Zaidi ya umri, unasimulia hata tabia. Magari yetu yana usukani kulia, mkono wa kushoto una kazi ya gia, basi ni kawaida upande wa kulia kuchakaa zaidi. Ukikuta umelika sana juu kabisa, palipo saa sita, ujue dereva huendesha kwa mkono mmoja uliolala pale kama mtu aliyeegemea uzio akipiga soga. Ukikuta vijiti vyake vimekaa upande ilhali gari linakwenda sawasawa, ama mtu aliwahi kuuchomoa akaurudisha kombo, ama magurudumu ya mbele hayajanyooshwa. Na ukiuchezesha kushoto na kulia gari likiwa limesimama, unakuambia hali ya tairodi na boljointi ambazo huzioni. Kwa magari yake mengi Toyota huruhusu pleyi isiyozidi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani. Ukivuka hapo, kasoro inaonekana mkononi lakini ugonjwa uko chini ya gari.

Jambo hili lina uzito wake hapa kuliko kwingine. Kutoka Mwigumbi kupitia Maswa hadi Bariadi ni lami ya kilometa kama 100, na kutoka Bariadi kushuka Lamadi ni lami pia, ambako gari hukimbia na usukani hutulia mkononi. Lakini abiria wengi wa vipanya, yaani hizo Hiace, hawaishi juu ya lami. Wanakwenda ndani, wilaya za Itilima na Meatu, kwenye ule udongo mweusi ambao Wasukuma wanauita mbuga, unaopasuka kiangazi na kuganda kwenye matairi masika. Huko dereva hupigana na usukani saa nzima, na ukingo uliopasuka au unaoteleza kwa jasho unamponyoka sehemu ileile anapouhitaji zaidi. Mpinzani wangu atadakia hapa: basi kumbe ni kitu cha hatari, unakisifia nini? Ni cha hatari, sibishi. Ila tofauti ya hatari inayopiga kelele na hatari iliyonyamaza ni kubwa. Ukingo unaokwaruza kiganja unamdai dereva matengenezo kila anapokata kona, na hakuna kifaa kingine ndani ya kipanya kinachodai haki yake kwa ujasiri huo. Breki huweza kunyamaza mpaka siku ya mwisho.

Ndiyo maana adui wa huu ninaousifu si uchakavu, ni kava. Kava la bei rahisi lenye manyoya au maua, linalovalishwa kwa kuvutwa, huuzwa kila mahali, na watu husema limemaliza tatizo. Limelifunika tu. Lisipobana vizuri huzunguka peke yake: dereva anageuza kava, usukani umebaki palepale, na kwenye kona kosa la namna hiyo halisahihishwi. Mpira wa tyubu una afadhali kidogo kwa kushika, lakini joto huulainisha, hunata, hulegea, na chini yake ufa unaendelea kukua bila mtu kuuona. Mafuta ya kung'arishia dashibodi sitayajadili kwa urefu. Anayeyapaka kwenye usukani anapaka sabuni kwenye ngazi.

Wengine watasema dawa ni kununua mwingine wa mtumba. Sawa, ikiwa ndani yake pete ya chuma imepinda au imeachana na vijiti, hapo hakuna gundi wala sifa, ni kubadilisha. Lakini usukani wa gari lingine si lazima uingie: meno ya katikati yanaweza yasilingane, soketi ya honi ikawa tofauti, na kama ni wa mfuko wa hewa, ule ambao mafundi wanauita eabegi, huo mfuko wa mtumba hakuna anayejua kama utafumuka siku ya ajali au siku ya kufungwa. Dereva wa deiwaka anayewaza hesabu ya bosi hatanunua kitu hicho kwa pesa yake, na bosi hashiki usukani. Kwa hiyo mara nyingi matengenezo ndiyo yanayobaki, na yafanywe kwa adabu.

Kama ni ufa wa juujuu, usukani haulazimiki hata kutoka mahali pake. Usafishwe kwa maji ya sabuni na kitambaa kisicholowa chapachapa, ukauke kabisa, nyufa zijazwe gundi ya epoksi ya kuchanganya, iachwe igande mpaka iwe ngumu kabisa, kisha isuguliwe kwa msasa hadi kidole kisihisi mpaka. Juu yake ivalishwe ngozi iliyokatwa kwa kipimo na kushonwa moja kwa moja ukingoni. Mkoa wa ng'ombe hauna kisingizio hapo. Fundi viatu mwenye shazia na uzi uliopakwa nta anaweza kuifanya kazi ambayo kava la maua haliwezi, mradi ngozi iwe nyembamba, ishike pete bila kuzunguka, na isipite juu ya kifuniko cha katikati. Kifuniko hicho kama kina mfuko wa hewa hakipakwi gundi, hakishonwi, hakipigwi rangi, kwa sababu kimetengenezwa kipasuke pale kilipopangiwa.

Ikibidi kuutoa, heshima iongezeke. Magurudumu yanyooshwe, ufunguo uzimwe, waya hasi wa betri utolewe, na kwenye gari lenye mfuko wa hewa Toyota hutaka isubiriwe angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Sekunde 90 ni muda mfupi kuliko ule ambao konda hutumia kumshawishi abiria wa mwisho kwamba nafasi ipo. Mfuko ukitoka ulazwe uso juu, mbali na watu. Kisha weka alama kwenye mhimili na kwenye usukani ili virudi vilivyokuwa; Maswa wanatengeneza chaki, basi itumike, ingawa chaki hufutika na mkwaruzo mdogo wa ncha ya chuma hukumbuka zaidi. Nati ilegezwe bila kutolewa yote, isije ikawa usukani unaong'ang'ania unaachia ghafla na kumpiga usoni anayeuvuta. Uvutwe kwa puller ya kufunga kwa bolti, usigongwe kwa nyundo. Mhimili wa gari la kisasa umetengenezwa ujikunje kifua cha dereva kinapoupiga, jambo ambalo Marekani ililazimisha kwa magari madogo mapya tangu 1968, na nyundo ya gereji inaweza kuuvunja ulinzi huo kimyakimya, bila alama yoyote nje. Wakati wa kurudisha, ule utepe wa umeme unaojikunja nyuma ya usukani uwe katikati yake, la sivyo utakatika kwenye kona ya kwanza kali, honi ikifa nao. Nati ikazwe kwa kipimo cha gari husika, si kwa nguvu za kijana anayetaka kuonekana. Halafu gari liende taratibu kutoka Bariadi mjini hadi Nyakabindi na kurudi, dereva akitazama vijiti barabara inaponyooka. Vikikaa upande, hata kwa jino moja, nati ifunguliwe tena na chaki itafutwe.