Muulize Shangazi wa Maji Chumvi: "Mume Wangu Amegeuka Mke"

Barua za mwezi huu zimefika zimelowa, nyingine machozi, nyingine maji yenye chumvi gramu 35 kwa lita. Shangazi amezisoma zote. Mnawalaumu samaki, muuzaji, mume, mama mkwe na shirika la umeme. Hakuna hata mmoja aliyeulaumu mkono wake mwenyewe, nao ndio unaozama tangini kutwa kucha kurekebisha kisichoharibika. Haya, tuanze.

Shikamoo Shangazi. *Niko Muscat. Nilinunua samaki wawili wa Nemo, jike na dume, wakakaa raha mustarehe ndani ya anemoni yao. Usiku mmoja jike akaruka nje ya tangi. Asubuhi tukamkuta sakafuni amekauka. Dume alizubaa, kisha akaanza kunenepa na kuwa mkali. Sasa ananiuma kila nikitia mkono. Nikamwonea huruma, nikamletea mke mwingine mnene, mwenye afya. Amemtwanga hadi mapezi yamechanika. Je, bado ana msiba? — Msuluhishi, Al Khuwair*

Marahaba mwanangu. Msiba umekwisha zamani. Mumeo huyo wa tangini amekuwa mke.

Samaki hawa, jamii ya *Amphiprion*, wote huanza maisha upande wa kiume. Ndani ya anemoni moja mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ndiye dume wake, na waliobaki ni vijana wanaosubiri zamu. Jike akifa, dume hupanda cheo. Mwili hubadilika taratibu, viungo vya kiume vinakoma na vya kike vinakomaa, na baada ya muda anaweza kutaga mayai. Akishavuka huko harudi tena.

Kwa hiyo hukumletea mke. Umemletea mke mwenza, tena mwenye umbo la kumtisha mwenye nyumba. Mtoe leo hii. Tafuta kijana mdogo, asizidi nusu ya ukubwa wake, umtie kwenye kisanduku chenye matundu ndani ya tangi lilelile, waonane siku kadhaa bila kufikiana. Ukimwona mdogo anajilaza ubavu na kutetemeka mbele ya bibi, usikimbilie dawa. Hiyo ni adabu ya unyumba wao, anasema, "Wewe ndiye mkubwa." Mambo yakienda sawa, yeye ndiye atakayeyalinda mayai na kuyapepea mpaka yaanguliwe.

Funika tangi kwa wavu, maana huyu naye huruka. Na kwa kuwa uko Oman, ujue nchi hiyo ina Nemo wake yenyewe, *Amphiprion omanensis*. Ukikutana naye unapopiga mbizi, msalimie umwache palepale.

Shangazi, mume wangu ana mwingine. *Huyo mwingine ana lita 800. Yule wa kwanza, wa lita 200, alimleta sebuleni nikanyamaza. Sasa anasema ni mdogo, matumbawe yamebanana, na fundi vioo ameshapewa malipo ya awali. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, Upanga. Umeme ukikatika usiku anaruka kitandani kwa kasi ambayo hakuwahi kuionyesha watoto walipokuwa wachanga. Na kila tumbawe linaloingia nyumbani bei yake ni "elfu kumi tu." Nifanyeje? — Mke wa Kwanza, Dar es Salaam*

Pole mwanangu. La bei tusilichimbe. Matumbawe yote duniani ni ya elfu kumi mbele ya mke.

La kuchimba ni uzito. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Lita 800 ni kama kilo 820 za maji matupu. Ongeza kioo, mchanga, mawe, stendi na tangi la chini la kuchujia maji, utakuwa umevuka tani kwa mbali, na zote zimekaa mahali pamoja usiku na mchana. Kabla fundi vioo hajakata kitu, mwite mhandisi wa majengo aseme boriti zimepita wapi na ukuta gani unabeba nyumba. Majirani wa ghorofa ya kwanza nao wanastahili kuulizwa hali.

Pili, joto. Vitabu vingi vya ufugaji huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, vinakuhimiza ununue hita. Dar wewe una kazi ya kupoza. Matumbawe hustawi kwenye nyuzi 25 au 26 hivi, na sebule yako mwezi wa pili inapita 30. Tumbawe linaishi na vijimwani vidogo ndani ya mwili wake, navyo ndivyo vinavyolilisha kwa mwanga. Maji yakizidi joto kwa muda, linavifukuza, linabaki jeupe, na njaa inaanza. Ndiyo yaliyoifika Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998, na hakuna sababu ya kuyarudia sebuleni. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu kwa gharama ndogo, ila maji yatapaa kwa kasi na yatahitaji kujaziwa. Isipotosha, ni mashine ya kupozea, na bili yake mtaiona wote wawili.

Tatu, umeme ukikatika, kinachowaua samaki kwanza ni kukosa hewa, maana pampu zimesimama na uso wa maji umetulia. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukienda, itamrudisha bwana kitandani.

Nne, kuhama. Mawe yahamishwe yakiwa majimaji, kwa kuwa bakteria wanaosafisha tangi wanaishi juu yake. Mchanga wa zamani usimwagwe ulivyo. Umejaa uchafu wa miaka, na ukivurugwa unageuza tangi jipya kuwa sumu. Auoshe kwa maji ya chumvi, au anunue mpya. Halafu samaki wapewe chakula kidogo, maji yapimwe amonia kila siku kwa wiki kadhaa, na asiongeze kiumbe hata kimoja. Hapo ndipo utakapomjua mumeo. Kununua lita 800 anaweza. Je, anaweza kukaa mwezi mzima akitazama tangi kubwa lenye samaki watano?

Shangazi, hujambo? *Mimi ni wa Nyali. Bahari iko nyuma ya nyumba, kwa hiyo sinunui chumvi ya pakiti kama watu wa bara, nachota ndoo. Tangu masika yaanze, matumbawe laini yamejikunja na konokono wanapanda kioo kana kwamba wanahama. Pia nasikia matumbawe hula chokaa. Fundi anayenijengea ukuta anayo gunia zima. Niwape? — Mwenye Bahari, Mombasa*

Sijambo. Bahari unayo, lakini mvua huiwezi. Masika yakipiga, mito na mitaro humwaga ufuoni maji matamu, udongo na uchafu wa mji mzima, na ndoo ya pwani inakuwa na chumvi pungufu. Nunua refraktomita. Maji ya bahari yaliyokamilika husoma 35, au uzito linganifu wa 1.026. Ukikuta yako yameshuka, usiyapandishe kwa mkupuo mmoja, yapandishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Viumbe hawa huvumilia mengi, kasoro mshtuko. Kwa ndoo zijazo, chota maji yakiwa yamejaa kabisa, mbali na mlango wa kreki, siku kadhaa baada ya mvua kubwa. Yachuje, uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko na pampu ndani, uyapime tena kabla hayajaingia tangini.

Chokaa ni habari ya kweli. Wazee walioijenga Lamu na Mji Mkongwe walichimba mawe ya matumbawe, mengine wakayapanga ukutani na mengine wakayachoma wapate chokaa. Tumbawe lilio hai hufanya kazi hiyo kinyumenyume: hunyonya kalsiamu majini na kujijengea mifupa. Ndiyo maana wafugaji hudondoshea tangi maji ya chokaa ili kalsiamu ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita.

Lakini gunia la fundi liache ukutani. Lina takataka zisizojulikana. Inayotakiwa ni hidroksidi ya kalsiamu iliyo safi, iliyokorogwa kwenye maji matamu na kuachwa ituame, kisha yale maji maangavu ya juu yadondoke tone kwa tone. Ni makali, pH yake inapita 12, kwa hiyo vaa glovu na ulinde macho. Wengi huyadondosha usiku, wakati pH ya tangi inaposhuka yenyewe. Ukimimina kikombe kizima kwa pupa, utapata chokaa ya bure kila mahali: kwenye pampu, kwenye kioo na juu ya maiti.

Shangazi mpendwa, *nilijaza tangi Jumamosi, Jumatatu nikanunua samaki saba, akiwemo kangaja wa buluu ambaye bei yake siisemi. Siku chache baadaye akatokwa na vidoti vyeupe. Vikapotea, nikamshukuru Mungu. Kisha vikarudi maradufu, kwa samaki wote. Nikamwaga dawa ya shaba. Sasa kamba wamekufa, konokono wamekufa, na vidoti viko palepale. — Nimekwisha, Kileleshwa*

Hujakwisha. Ulianza kabla ya kuanza.

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Kinyesi na chakula kilichobaki hugeuka amonia, nayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, sumu vilevile. Kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Wewe uliyapa siku mbili.

Vidoti ni kimelea kiitwacho *Cryptocaryon irritans*. Vilipopotea, hakupona mtu. Kimelea kilikuwa kimeshiba, kikajidondosha mchangani kuzaliana, na watoto wake wakarudi kwa mamia kutafuta ngozi. Kangaja wa buluu anajulikana kwa kushikwa upesi. Kumweka kwenye tangi changa ni kumwalika mgonjwa.

Shaba humwua kimelea kweli, na huwaua pia kamba, konokono na matumbawe, tena hujificha ndani ya mawe na mchanga. Kwa hiyo dawa hutolewa kwenye tangi la hospitali: kioo kitupu, pampu, bomba la plastiki la kujificha, na kipimo cha shaba mkononi. Wahamishie samaki wote huko. Tangi kubwa likae bila samaki hata mmoja. Wafugaji wengi hushika siku 76, vimelea vife kwa kukosa mwenyeji. Mawe na mchanga ulioutia shaba ni bora uvitupe kabla ya kuota matumbawe. Kuanzia leo, kila samaki mpya apite karantini, na chumvi yako ikorogwe kwa maji yaliyosafishwa kwa kichujio cha RO na kumaliziwa kwa kichujio cha DI, yasome sifuri kwenye kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini. Maji ya bomba yana yale yanayoulisha mwani.

Shangazi, msaada. *Tuko Minneapolis. Kila usiku taa za tangi zikizimwa nasikia tak! tak! ndani ya jiwe. Konokono wanapungua na makombe yao nayakuta yamevunjwa. Mama mkwe, ambaye amekuja kutembea kutoka Tanga, anasema ni jini. Mume wangu anataka kulichemsha jiwe jikoni. Juu ya jiwe kuna vile vitumbawe vinavyofanana na vifungo vya rangi. — Sina Usingizi*

Mpe mama mkwe heshima zake zote, umweleze kwamba jini hana haja ya konokono. Huyo ni vunjajungu wa baharini, jamaa wa kamba, aliyekuja amejificha ndani ya jiwe. Ana mikono ya mbele inayopiga kwa kasi ya kuvunja kombe. Angekuwa kamba bastola ungesikia mlio lakini konokono wangekuwa wazima. Litoe jiwe, lishike juu ya ndoo, umimine maji ya soda yasiyo na sukari ndani ya tundu lake, atatoka mwenyewe. Usimguse kwa kidole. Mpe tangi lake dogo, utashangaa utakavyompenda.

Sasa mwite mume wako asome hapa. Jiwe hilo halichemshwi. Vile vifungo ni jamii ya *Zoanthus* na *Palythoa*, na baadhi vina palitoksini, sumu kali mno, ambayo wanakemia waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa *Palythoa* ya Hawaii. Mvuke wa jiwe la namna hiyo umeshawapeleka watu hospitalini, familia nzima, wakiwa na kikohozi, homa na kifua kubana. Halichemshwi, halisuguliwi kwa brashi nje ya maji, halitiwi kwenye maikrowevu. Glovu na miwani kila mnapolishika.

MAJIBU MAFUPI

*Maji yanapungua kila siku. Niongeze ya chumvi?* — Hapana. Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki. Ongeza maji matamu ya RO, ama sivyo baada ya mwezi utakuwa unafuga ng'onda.

*Nimechuma kitumbawe kizuri Watamu. Nikipitisheje uwanja wa ndege?* — Hukipitishi. Watamu imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1968, na matumbawe magumu yamo kwenye mkataba wa CITES. Kabidhi hifadhini. Kisha nunua kipande kilichokatwa kwenye tumbawe lililokuzwa tangini na kugandishwa jiweni kwa gundi. Kitakua, nawe utawakatia wengine.

*Ninabadilisha mpangilio wa mawe kila Jumapili lakini matumbawe hayakui. Kwa nini?* — Soma swali lako tena, polepole, mikono ikiwa mfukoni.

*Nataka kuanza na kitangi cha lita 20, nijifunze kabla ya kwenda kubwa.* — Kila mtu husema hivyo. Maji yakiwa machache, kikombe kimoja kikipaa chumvi inapanda, mchana mmoja wa jua joto linapanda, samaki mmoja akifa maji yote yanaoza. Katika lita 200 makosa hayohayo hukupa muda wa kuyaona. Lita 20 waachie waliofuga lita 400 miaka na mikaka, na hata hao huwa hawasafiri.