Ncha Mpya, Mkono Uleule

Hongera, kaka. Hela ya pamba imeingia Bariadi, na kabla haijaona ada ya mtoto imenunua ncha ya fimbo ya pool: ngozi ya tabaka, ugumu wa kati, ndani ya kiboksi kama pete ya uchumba. Kapteni Mingaud, Mfaransa anayetajwa kuanzisha ncha ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 19, alifanyia mazoezi gerezani. Wewe umesomea kaunta.

Tatizo ni kiwiko. Kinapepea, bega linakisindikiza, na kichwa kinainuka kutafuta makofi kabla fimbo haijafika. Ncha hugusa mpira mweupe kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Itakurekebisha tabia saa ngapi? Na ukipiga pembeni mno itateleza tu, laini au ngumu, hata ujipake chaki hadi kwenye nyusi.

Bodaboda uliyecheza naye kachukua fimbo ya baa, ncha imebanduka ikagundishwa kwa supagluu. Kavuta mkono taratibu, katulia kidogo, kapiga akiwa ameinama vilevile. Meza tupu.

Eti sasa unasema meza imelalia upande wa Maswa.