Shangazi wa Dunguni: Barua za Msimu wa Ndege

Wasomaji wameuliza kwa nini mwezi huu majibu yanachelewa. Mpunga umetia maziwa, ndugu zangu. Shangazi hayupo mjini. Yupo Bonde la Kilombero, mwendo wa baiskeli kutoka Kivukoni, juu ya dungu la miti minne, anaamia ndege na kujibu barua zenu kwa zamu. Karibu barua zote za safari hii zina ugonjwa mmoja: akili haikai mahali pamoja. Tuanze.

*Shangazi, shikamoo. Nipo kidato cha nne, nakaa geto Viwanja Sitini na mdogo wangu. Wazazi wako shamba tangu Januari. Kila siku saa moja jioni nakaa kupiga msuli. Nikifungua Baiolojia, simu inaita. Nasema dakika tano tu. Nikija kushtuka ni saa sita usiku na kitabu kiko palepale, usagaji wa chakula. Mtihani ni Novemba. Nifanyeje? – Ukurasa wa 41*

Marahaba, Ukurasa wa 41. Umeandika kana kwamba simu ilikuja kukukamata mkono. Hebu panda dunguni nikuoneshe wanachofanya wazazi wako tangu Januari.

Mkononi nina kamba. Mwisho wa kamba kuna makopo ya maziwa na vipande vya bati. Kati ya vigingi tumevuta utepe wa kaseti ya zamani, upepo ukiupiga unalia vuuu, na ndege wageni wanaogopa kwa siku mbili. Kwelea si mlaji mkubwa, gramu kumi hivi kwa siku. Tatizo lake haji peke yake. Wakitua elfu moja, piga hesabu mwenyewe: kilo kumi leo, kilo kumi kesho, mpaka siku ya kuvuna. Na dakika zako tano nazo hazijawahi kuja peke yake hata siku moja.

Sasa usidhani mimi huku nimekodolea mpunga macho tangu alfajiri. Nawaza deni la mbolea. Nawaza yule binti wa Mlimba kaolewa na nani hasa. Ndege wakitua navuta kamba, wanaruka, wanazunguka kule kwenye matete, wanarudi. Navuta tena. Kuamia ndiko huko, kuvuta kamba mara mia kwa siku, na fundi ni yule anayevuta kabla hawajakunja mabawa. Kwa hiyo ukikuta mkono umeshashika simu, iweke, rudi kwenye usagaji wa chakula. Usikae nusu saa ukijilaumu kwamba wewe huna akili ya kusoma, maana hayo majuto nayo ni kwelea, tena wanene.

Nami yamenikuta. Mwaka mmoja walikuja wageni wawili na darubini shingoni, wanamtafuta mnana wa Kilombero, ndege ambaye wataalamu walikuja kumwandika rasmi 1990 na ambaye hayupo kokote duniani ila bondeni kwetu. Wakaniazima darubini. Nikamwona kwenye matete, njano tupu, uso mweusi kama aliyechungulia sufuria. Nikamtazama, nikamtazama. Nilipoirudisha darubini, jaruba la nyuma lilikuwa limebaki makapi. Kwa hiyo usidhani kinachokuvuta lazima kiwe cha ovyo. Nilipoteza jaruba kwa kitu kizuri kweli.

Halafu ndege wana saa zao. Wanakuja asubuhi na jioni, wakiwa na njaa. Jua likiwa la utosi wanajificha kivulini, ndipo na sisi tunainjika ugali. Wewe umechagua kusoma saa moja jioni, wakati magrupu yote yameamka na mechi inakaribia kuanza! Lala saa tatu, amka saa kumi. Saa kumi alfajiri hakuna mtu kwenye grupu, ukiacha wale wanaotuma picha za maua na neno la asubuhi.

Kuhusu simu yenyewe, mpwa wangu anasema niwashauri muiweke katika hali ya ndege. Mimi hali ya ndege naijua kuliko yeye: kurukaruka huku na kule na kudonoa punje za watu. Mpelekee mama muuza chapati wa mtaani kwenu, umwambie asikupe hata ukilia. Simu iliyo mfukoni inataka kidole tu, iliyo kwa mama chapati inataka miguu, viatu na maelezo.

*Shangazi, mimi ni karani kwenye mashine ya kukoboa. Msimu umeanza, kila anayeingia ananisalimia kwa kirefu, na anayetoka ananiaga kwa kirefu. Juzi nimeandika gunia 86 badala ya 68. Tajiri kanikata mshahara. Nikikaa kimya wanasema nina maringo. – Nimebanwa, Kibaoni*

Nimebanwa, salamu haikatwi. Mtu ametoka Mngeta na mpunga wake wa Supa, amekalia magunia njia nzima, kisha afike umwoneshe kisogo? Hapana. Lakini nawe unaitikia "nzuri" huku kalamu inaandika. Mkono haujui kama umeulizwa habari za nyumbani au idadi ya magunia.

Fanya hivi. Mtu akikusalimia, maliza kwanza namba iliyo mkononi, na uitamke kwa sauti: "Sitini na nane. Marahaba, baba, za safari?" Mwenye magunia atasikia, na kama umekosea atakurekebisha kabla ya tajiri, hasa kama umepunguza. Kisha weka kalamu chini, mtazame usoni, muulize na watoto. Sekunde ishirini za salamu kamili ni rahisi kuliko dakika tano za salamu nusunusu. Usitundike kibao cha "Nahesabu, usinisemeshe." Jirani yangu alikitundika, siku nzima watu wakawa wanaingia kumuuliza anahesabu nini.

*Shangazi, nasoma shahada ya uzamili, nimerudi nyumbani Ifakara kuandika tasnifu. Mpaka sasa nimepaka geti rangi, nimechambua mchele wa mwezi mzima, nimepanga vitabu kwa urefu. Sura ya pili bado. Rafiki ananiambia nitumie njia ya nyanya ya Kiitaliano. Unaifahamu? – Msomi, Mlabani*

Naifahamu, Msomi. Ni ya Mwitaliano Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwanafunzi kama wewe, kazi haiendi. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega. Ukazaliwa utaratibu wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na dunia nzima inamshukuru.

Sina ugomvi na nyanya. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Mji wako una watafiti tangu miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Waulize wazee wa mtaa mbu walikuwa wanakamatwaje. Mtu anakaa kwenye kigoda usiku, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, mpira wa kunyonyea mdomoni. Giza. Akihisi kitu kimemgusa kwenye ugoko anawasha tochi, anamvuta mbu ndani ya bomba kabla hajauma, anampulizia kwenye kikombe. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kawaida kila saa ni dakika 45 za kukamata na 15 za kupumzika. Kila saa ina kikombe chake chenye alama. Mbu wa saa tatu hawachanganywi na wa saa nne.

Nakuuliza, pale nani angekumbuka kupaka geti rangi?

Na tazama, yule mtu hakuwa anawaza malaria yote ya bonde. Alikuwa na kazi na miguu yake miwili. Wewe ukikaa unawaza sura tano, msimamizi, mahafali na joho. Kikombe kimoja kimoja, Msomi: leo aya za mwandishi mmoja, dakika 45, zitie kikombeni uandike saa. Robo saa ikifika nenda kalichungulie geti lako, ni zuri.

*Shangazi, mume wangu akitazama Simba na Yanga dakika tisini hapepesi macho. Nikimweleza ada ya mtoto anasinzia. Ni ugonjwa? – Mama Wawili, Mang'ula*

Si ugonjwa, umakini anao na umeuona kwa macho yako. Subiri mapumziko. Una dakika 15: kiasi, tarehe ya mwisho, imebaki ngapi. Usianzie kwa mama yake.

*Shangazi, zamani nilikuwa namaliza vitabu nikisubiri pantoni. Daraja la Kilombero limefunguliwa 2018, sijamaliza kitabu tena. – Msafiri wa Mahenge*

Daraja lina mita 384, na pembeni yake hakuna aliyekukataza kukaa kivulini Kivukoni na kitabu, ukijifanya unasubiri pantoni. Wapita njia watakuonea huruma. Waache.

*(Karatasi hii imefika sasa hivi, imefungwa kwenye donge la udongo na kurushwa kwa kombeo.)* *Shangazi, mimi jirani yako wa dungu la pili. Tangu asubuhi nakuona umeinama unaandika. Nimepiga mluzi mara tatu.*

Jirani, ahsante. Wametua upande gani?