Maskini wa Hiari

Mtalii wa hoteli hanikeri. Anapokewa uwanja wa ndege, anapakiwa kwenye gari yenye kiyoyozi, analazwa Nungwi, na wiki ikiisha anarudishwa kwao bila kuijua Darajani iko wapi. Heri yake na heri yangu. Ugomvi wangu ni na yule wa mkoba mgongoni: kijana mwenye digrii mbili na bima ya meno, ambaye mwaka huu ameamua kuwa maskini. Ndege kaikataa, ghali. Amepanda treni ya TAZARA kule Kapiri Mposhi, Zambia, akala vumbi kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, akavuka bahari, na kwa upana wote wa kisiwa hiki, akaja kukaa pembeni yangu ndani ya gari ya 309 ya Jambiani.

Gari ya shamba aliyeipanda hahitaji kuelezwa, na asiyeipanda haamini. Paa limekuinamia, mabenchi yametazamana, katikati pana tenga la nyanya, ndoo ya samaki, na miguu mingi ambayo wenyewe hawajui tena upi wa nani. Konda bado anaapa kuwa nafasi ipo. Sasa ongeza mkoba. Ndani yake mna hema, sufuria, na viatu vya kupandia milima. Milima, jamani! Kilima chetu kirefu kabisa, Masingini, hakifiki mita 150. Mizigo ya kila mtu iko juu, na mkaa na magunia ya viazi, lakini mkoba huu haupandi juu kwa sababu una pasipoti. Umekaa mapajani. Mapajani mwangu.

“Msogelee, mwanangu, mgeni huyo,” akaniambia bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu. Nikasogea, ingawa pa kusogea palikuwa ni ubavu wa mtu. Mgeni akamgeukia yule bibi akamwambia, “Mambo!” Na bibi, ambaye mimi nikimpita bila shikamoo habari itamfikia mama yangu kabla ya magharibi, akajibu, “Poa!” na kucheka mpaka buibui likamteleza.

Ikaja nauli. Yeye kaishika kiganjani, kamili, maana aliiulizia tangu huko alikolala. Mimi nikatoa noti ya elfu kumi, konda akaitia mfukoni, na ghafla akawa hana analolitazama ila barabara. Tunguu, hakuna chenji. Jozani hakuna, ingawa pale gari ilipunguza mwendo kwa matuta na kima punju wawili wakakatiza mbele yetu. Mgeni aliwapiga picha kutoka dirishani kwa furaha ya mtu aliyekwepa kiingilio. Karibu na Paje akaniuliza, kwa sauti ya upole ya kumuuliza mgonjwa, “Kaka, chenji umepata?” Kabla sijafungua mdomo keshamgonga konda begani: “Kaka, chenji yake!”

Ikatoka. Tena kwa noti safi.

Hili ndilo linalonichoma. Kubana matumizi ni kazi yangu ya tangu utotoni, sikuwahi kupigiwa makofi wala kuiandikia kitabu, na sasa amekuja mtu wa likizo ananishinda. Nendeni Forodhani usiku mkaone. Nilisimama nyuma ya mmoja wao, nikitaka mishkaki tu niende zangu. Yeye alikuwa ameshakaa Jaws Corner jioni nzima, akinywa kahawa na kuhoji wazee bei ya kila kitu, kwa hiyo akatajiwa bei ya mwenyeji na akaipunguza tena. Mimi mpishi akanitajia kwa dola. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Mkunazini nilikozaliwa. Akatabasamu, akanisifu kwamba nimejifunza vizuri.

Wapitanjia tumewazoea, msinielewe vibaya. Zamani majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Omani na Ghuba, mabaharia wakalala mjini miezi wakingoja kusi iwarudishe, na bibi zetu wakatufungia ndani wakisema watu wale huiba watoto. Lakini walikuja na tende, mazulia na papa mkavu, wakaondoka na boriti. Huyu wa sasa anakuja na nguo chafu na kuuliza intaneti iko wapi.

Turudi garini. Njia nzima kijana alikuwa akilalamikia bima: tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nchi za nje akiingia Zanzibar hukata bima ya dola 44, na kwake yeye hizo ni siku kadhaa za chapati na maharage. Nilimwacha amalize. Kisha, kwa roho nyeupe kabisa, akaniambia nije Ubelgiji, nitalala kwake, mbona kusafiri ni rahisi ukiamua.

Nikamhesabia. Viza ya kwao euro 90, ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya kufidia mpaka euro 30,000. Karatasi za benki zinazoonyesha nina fedha ambazo, kama ningekuwa nazo, nisingekuwa nimebeba mkoba wa mtu ndani ya 309. Barua ya mwajiri. Na maombi hayapelekwi Forodhani. Napanda boti mpaka Dar es Salaam, nalala huko, narudi kusubiri.

Alinyamaza mpaka tukaiona bahari. Halafu akatoa kidaftari, akaniandikia anwani kwa herufi kubwa, na kunihakikishia kuwa kochi lipo na ni bure.

“Ila shuka,” akasema akiteremka, “njoo na yako.”