Intakula Kwangu

Gari langu ni Passat ya mwaka 2004, injini 1.8 yenye tabo, rangi ya fedha pale ambapo rangi ingalipo. Fundi wangu wa Ukunda ndiye aliyenionyesha kile kidude cha alumini kilichojificha nyuma ya bampa, upande wa kushoto, mbele ya gurudumu. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe.

"Hii ndiyo intakula."

"Itakula nini?"

"Itakula kwako, ami, usipoiangalia."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Kwa asiyejua, tabo huzungushwa na moshi unaotoka ekzosi, nayo husukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikibanwa hupata moto, kama vile pampu ya baiskeli inavyochoma kidole ukijaza tairi kwa pupa. Hewa ya moto imetanuka na oksijeni yake ni haba. Injini ikilishwa hiyo hugonga, kompyuta nayo ikisikia kugonga huko huchelewesha cheche, na gari huanza kupanda mlima kama mzee anayekwenda kulipa deni. Ndipo ikawekwa intakula katikati, rejeta ndogo inayopozwa na upepo wa safari. Lakini subiri feri ya Likoni saa nane mchana uone huo upepo wa safari utatoka wapi. Intakula inakuwa karai la viazi.

Sasa, upepo haupozi kitu kwa kuingia tu. Lazima utoke. Kila aliyepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha anajua hayo bila kusomea ufundi. Nyuma ya intakula yangu ipo ile plastiki ya ndani ya madigadi, na mwenye gari wa kwanza aliwahi kuivunja akanunua nyingine ya gari lisilo na tabo, nzima, haina hata tundu la sindano. Upepo ulikuwa unaingia puani mwa bampa, unagonga ukuta, unakaa. Fundi alinishauri nitafute plastiki yenye matundu yake ya asili. Akanitajia na bei. Bei ile ilinifanya nigundue ghafla kwamba mimi ni mhandisi.

Nina kisingizio. Mwaka 1994, Ian Duncan alipochukua Safari Rally na Celica yake ya tabo, nilikuwa mtoto wa kukata picha za magazeti na kuzibandika ukutani kwa uji. Boneti ya ile Celica ilikuwa na mianya. Nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba gari lenye mianya ni gari lenye akili.

Nikatafuta kitu cha kutengenezea mwanya. Bati linashika kutu; hapa Diani chumvi ya bahari inakula hata bawaba za mlango. Mbao haifai. Macho yakatua kwenye mtungi wa njano wa lita 20, wa mafuta ya kupikia, uliokuwa umesimama peke yake nyuma ya jiko. Plastiki ngumu, haiozi, inapindika ikipata moto, na ubavu wake mmoja unatosha kabisa. Mtungi ule ulikuwa na alama, M kubwa ya rangi nyekundu na nukta mbili pembeni. Niliiona. Sikuifikiria.

Nilipasha kisu makaani mpaka kikabadilika rangi, nikakata ubavu, kisha nikaupasua mipasuo mitano ya kulala. Kila mpasuo nikauinua mdomo kidogo kwa nje, ungali laini, nikaushikilia kwa mwiko mpaka ukapoa. Nyumba nzima ilinuka kama jaa linaloungua. Fundi alikuwa ameniambia jambo moja tu la maana: midomo itazame chini, maana tairi likizunguka hurusha maji na tope kutoka juu kuja mbele na chini; mdomo ukitazama juu utayapokea. Kwa hiyo nilikata hali ile M imesimama wima, midomo chini, nisije nikachanganya. Nikakata tundu kwenye plastiki ya gari, nikalala chali uvunguni, nikaufunga ubavu wangu kwa skrubu nne na mshipi wa kuvulia samaki niliopewa na jirani. Mtu akilala chali chini ya gari, juu huwa chini na kulia huwa kushoto. Hilo nalo sikulifikiria.

Nina kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari na kuniletea kwenye simu joto la hewa inayoingia injini. Ungenipa Daraja la Mteza, karibu kilomita moja na nusu ya unyoofu juu ya maji, upepo wenyewe ungemaliza kazi. Mimi nilitaka mlima. Mlima wetu ni ule wa kutoka Kombani kwenda mjini Kwale, unaotoka usawa wa minazi na kukupandisha hadi ukingoni mwa Shimba Hills. Kabla ya kutia mwanya nilikuwa nimepima: digrii 63. Baada ya kutia, 52.

Digrii kumi na moja! Jioni ile barazani sikuacha mtu. Nilieleza mgandamizo, nikaeleza mtiririko, nikachora tairi mchangani kwa kijiti. Vijana wawili wa tuktuk waliuliza kama naweza kuwatengenezea, na tuktuk haina hata tabo. Jirani yangu mvuvi, yule wa mshipi, alisikiliza hadi mwisho huku akitafuna tambuu.

"Mara ya kwanza ulipima lini?"

"Mwezi wa tatu, mchana."

"Na hii ya pili?"

"Juzi. Mwisho wa mwezi wa nne. Asubuhi."

Akageuza shingo kuelekea baharini, akatema, akarudi.

"Kusi limeingia."

Baraza zima liliangua kicheko. Mtu asiyejua tabo ni nini alikuwa ameniambia kwamba nilipima kwenye jua la kaskazi nikapima tena kwenye ubaridi wa kusi, halafu sifa nikampa mtungi. Nilimjibu kwamba sayansi si mambo ya tanga na ngalawa. Usiku sikulala vizuri.

Wiki ya pili ya mwezi wa tano kulikuwa na harusi Kwale, na mke wangu akaamua twende kumchukua mama yake Msambweni. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kutoka lami hadi nyumbani kwa mama mkwe ni njia ya udongo, na siku hiyo ilikuwa njia ya uji. Nilipita madimbwi kwa kasi ya mtu anayejiamini. Mama mkwe akaingia nyuma na sinia la mkate wa kumimina magotini, tukasalimiana kwa adabu zote, safari ikaanza. Hadi Ukunda jua lilikuwa limetoka kali.

Tulipoanza kupanda Kombani, kidude kikasoma 60. Kisha 68. Kwenye 77 gari lilishikwa na uzito, bodaboda mwenye abiria wawili na kitanda akatupita, na chini ya mguu wa mke wangu ikaanza sauti: krr, krr, krr.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Upepo unatoka," nikamwambia.

Karibu na Golini sauti iligeuka kuwa kelele, nikaegesha. Nikakata usukani wote kulia ili gurudumu linipishe nione ndani. Skrubu mbili zilikuwa zimeng'oka na ubavu wa mtungi ulikuwa ukining'inia kwa mshipi, ukilamba tairi. Midomo yote mitano ilikuwa imejaa tope hadi pomoni, imesindiliwa kama vibaba vya mchele vya muuza duka mwaminifu. Nyuma yake mapezi ya intakula yalikuwa yamesilibwa kama ukuta wa nyumba ya udongo.

Nikasikia mlango wa nyuma. Mama mkwe alishuka taratibu, akamkabidhi binti yake sinia, akakunja leso, akachutama kando yangu. Alitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole akaifuta tope ile rangi nyekundu.

"Huu mtungi wangu."

Mtungi wake. Ule aliotuazima maji yalipokatika mwezi wa pili, ambao mke wangu alikuwa ameshauulizia mara mbili, nami nikajibu kwamba labda umeazimwa na majirani. Mama mkwe huutambua kwa mbali katikati ya foleni ya mitungi thelathini. Sikuwa na neno. Yeye alikuwa nalo.

"Lakini mwanangu, mbona M yangu imekuwa W?"

Nikatazama. Kweli ilikuwa W, na nukta zake zimehamia upande wa pili. Midomo niliyoikata itazame chini ilikuwa imetazama juu tangu siku ya kwanza, vikombe vitano vimekingwa chini ya tairi kama watoto kwenye bomba.

"Umeitia kichwa chini," akasema, kwa sauti ile ya kumwambia mtoto kwamba amevaa kanzu nyuma mbele.

Akanituma maji. Mtoto mmoja wa Golini akaniuzia ndoo, nikamwagia mapezi mpaka yakaonyesha rangi yake. Mama mkwe mwenyewe aliushikilia ubavu wa mtungi wake, M wima, mimi nikafunga kwa skrubu zilizobaki na kwa mshipi wote uliokuwamo garini. Mke wangu hakushuka. Alikuwa amekaa na sinia, akitazama mbele, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Harusini tulifika wakati wa kuoshwa masufuria. Hadithi ilifika kabla hatujakaa, na mpaka jioni kila mama aliyenipa mkono aliniuliza habari za mtungi kwanza, watoto baadaye.

Tukirudi, jua limezama na upepo unavuma kutoka baharini, kidude kikasoma 50. Mama mkwe aliona namba ikiwaka kwenye simu, akauliza ni nini. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu mtiririko. Nikamkumbuka jirani yangu.

"Ni kusi, mama."

Akanyamaza kidogo.

"Basi hilo kusi lako lininunulie mtungi."